Bingwa wa kwanza: Immaculata, 1972

Ukiuliza ni chuo gani kilikuwa bingwa wa kwanza wa taifa wa mpira wa kikapu wa wanawake vyuoni Marekani, wengi watataja vigogo wa mchezo huo, Tennessee au UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut). Hapana, si hao. Mashindano ya kwanza ya kikapu ya AIAW, chama kilichosimamia michezo ya wanawake vyuoni Marekani, yalifanyika 1972, na kombe likaenda Immaculata, wakati huo chuo kidogo cha Kikatoliki cha wasichana karibu na Philadelphia, chini ya masista wa IHM (shirika la Moyo Safi wa Maria). Fainali waliwafunga West Chester 52-48. Wakarudia 1973 na 1974. Mataji matatu mfululizo, tena kwa chuo kisichokuwa hata na ukumbi wake wa michezo, maana wa zamani uliungua 1967! Kocha alikuwa Cathy Rush, na Theresa Shank ndiye aliyekuwa nguzo yao chini ya kikapu. Masista wenyewe walikuwa wakija kushangilia kwa kugonga ndoo.

Si hadithi za vijiweni: timu nzima iliingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa Naismith, unaoenzi magwiji wa kikapu, mwaka 2014, na Rush alishatangulia 2008.

Ila angalia unahesabu nini. NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo Marekani, ilianza kuandaa ubingwa wa kikapu wa wanawake 1982 na Louisiana Tech wakauchukua, ndiyo maana orodha nyingi zinaanzia hapo. Na kabla ya AIAW yalikuwepo mashindano ya mwaliko tangu 1969, ambayo West Chester walishinda ya kwanza. Mimi nasimama na Immaculata, kwa sababu 1972 ndipo timu zilianza kufuzu kwa kushinda uwanjani badala ya kualikwa.