Watoto wanaambiwa baba amesafiri

SWALI: Shikamooni. Kaka yangu alifia ziwani miezi miwili iliyopita, mtumbwi wa dagaa ulipopigwa na dhoruba. Ameacha mjane aliye edani na watoto wawili, wa miaka 5 na 9. Siku ya maziko walikuwa kwa jirani. Tuliwaambia baba amesafiri. Mdogo kila alfajiri anataka kwenda mwaloni kumpokea. Mkubwa kanyamaza tu. Nasikia hadithi husaidia, tuanzeje? — Shangazi, Ujiji

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Hadithi itasaidia, ila kwanza uondoeni huo uongo. Kaeni nao, mama yao awepo, mseme wazi: “Baba amekufa. Mtumbwi ulipinduka, akazama. Hapumui, hasikii baridi, hatarudi.” Msiseme “amelala”; mtoto ataogopa usingizi. Wa miaka 5 atauliza tena kesho na keshokutwa, kwa kuwa bado hajaelewa kwamba kifo hakina kurudi. Mjibuni yaleyale. Mwambieni pia kuwa si kosa lake, maana umri huo huweza kuamini kwamba hasira zake ndizo zilizoua.

Halafu tengeni usiku mmoja kwa wiki, nusu saa baada ya chakula, hukohuko ndani aliko mjane. Wekeni mkekani kitu kimoja cha marehemu, tuseme karabai yake. “Paukwa!” “Pakawa!” Kisha msimulizi aeleze jambo dogo: alivyoiwasha, alivyoshona nyavu, alivyokula migebuka. Siku ya ajali isianze. Ije watoto wakiiuliza. Wakisahihisha, waacheni, hapo ndipo hadithi inakuwa yao. Siku za mbalamwezi, taa zisipovuta dagaa na wavuvi wakipumzika, waiteni wenzake wa chomboni.

Kinachoharibu zaidi ni kumfanya marehemu malaika. Kama alikuwa mkali, semeni. Mtoto aliyewahi kuchapwa atajiona yeye peke yake ana kinyongo.

Mkubwa msimlazimishe. Mpeni kazi ya kuchagua kitu cha wiki. Au anzisheni ngano ya mwana wa kima aliyempoteza babaye, mkomee katikati, amalizie mwenyewe, hata kama mwisho wake ni mbaya. Akilia, msimwambie mwanaume halii.

Akikataa chakula au shule kwa wiki kadhaa, mwoneni ofisa ustawi wa jamii hospitalini. Akisema anataka kumfuata baba, mpelekeni siku hiyohiyo.