Maswali ya Wasomaji: Ghazali ya Kiajemi na pango la mungu-jua

SWALI: Nimetunga ghazali ya beti saba, kila ubeti mishororo minne inayoishia na neno "mpenzi". Mwenzangu chamani anadai hilo ni shairi la kawaida tu lenye kibwagizo. Nani mkweli?
Mshairi chipukizi, Nakuru

JIBU: Mwenzako. Mambo yaliharibika kwenye neno "beti". Kwetu ubeti kwa kawaida una mishororo minne. Kwa Waajemi beti ni mistari miwili tu, ambayo mara nyingi huandikwa ubavu kwa ubavu kama ukwapi na utao wetu, vile vipande viwili vya mshororo.

Mwishoni mwa mstari kuna vitu viwili. Kuna radifu, neno lisilobadilika, na kabla yake tu kuna kafia, yaani kina. Wewe unayo radifu, "mpenzi", ila kina umekisahau. Wengi huteleza hapo kwa sababu sikio letu limezoea kina kiwe silabi ya mwisho kabisa. Beti ya kwanza hubeba vyote viwili katika mistari yote miwili. Zinazofuata huvibeba katika mstari wa pili peke yake. Tazama:

Ni taa ya nani ile, iko ziwani usiku?
Moyo umefika kwake, nami njiani usiku.

Mchana nawauzia wapita njia samaki,
Nawe umeninunua, bure gizani usiku.

Kina ni "-ani", radifu ni "usiku", na mstari wa samaki haudaiwi chochote. Hapo kuna mizani, yaani silabi, 16 kila mstari. Waajemi hupima kwa silabi ndefu na fupi zilizopangwa kwa utaratibu maalumu, jambo ambalo lugha yetu haina, basi usijisumbue kuliiga. Shika 16 au 12 mpaka mwisho.

Beti 5 hadi 15 zinatosha, na kila moja isimame kwa miguu yake. Ukitaka kusimulia kisa kirefu, Waajemi wana mathnawi. (Mtahiniwa wa KCSE atashtuka hapa: kwetu mathnawi ni shairi la vipande viwili katika mshororo. Kwao ni utungo ambao mistari miwili ya beti hufanana vina, kisha beti ifuatayo ikaja na kina kipya. Ndiyo maana Rumi, mshairi wa Kiajemi wa karne ya 13, aliweza kufika beti zipatazo 25,000 bila kuishiwa na vina.)

Beti ya mwisho hutaja lakabu ya mshairi. Hafez wa Shiraz, wa karne ya 14, ni lakabu: ndiye hafidhi tunayemjua, aliyehifadhi Kurani. Rumi mara nyingi aliweka jina la Shams wa Tabriz, mwongozi wake wa kiroho, aliyekutana naye Konya, Uturuki ya leo, mwaka 1244, au akafunga kwa kujiamuru anyamaze. Wewe tafuta lakabu fupi. Lenye silabi sita litakuvurugia mizani.

SWALI: Tunachapisha kadi za harusi na tumepata mtandaoni maneno matamu ya Rumi. Tutajuaje kama ni yake?
Bibi harusi, Kisumu

JIBU: Dai namba. Utenzi wake mkubwa, Mathnawi, una daftari sita, na kila beti ina namba yake. Ghazali zake, zaidi ya 3,000, nazo zimepewa namba. Ukipewa daftari na beti, linganisha na tafsiri kamili ya Kiingereza ya R. A. Nicholson, iliyotoka kati ya 1925 na 1940. Namba ikikosekana, chapisheni maneno, jina mliache. Jihadharini pia na yale yaliyochujwa hadi Mungu akatoweka akabaki mchumba tu. Rumi alikuwa mwanazuoni wa Kiislamu, na huyo "mpenzi" wake mara nyingi si wa kuolewa.

SWALI: Wanafunzi wangu wataigiza kisa cha Amaterasu, mungu-jua wa Japani. Pale pangoni wamepanga vita vikali. Ni sawa?
Mwalimu, Ahero

JIBU: Vita viondoe, Mwalimu. Katika Kojiki, kitabu cha mwaka 712, jua linarudi kwa kicheko. Anzeni na kosa lenyewe: Susanoo, nduguye Amaterasu, anabomoa matuta ya mashamba ya mpunga na kufukia mitaro. Hadhira ya Ahero haitahitaji kuelezwa uzito wa hilo. Kisha anatupa farasi aliyechunwa ngozi ndani ya nyumba ya ufumaji, na mfumaji mmoja anakufa. Amaterasu anajifungia pangoni, giza linatanda.

Nje, miungu wanawafanya majogoo wawike, wanatundika kioo na vito mtini. Ame-no-Uzume anapindua pipa na kulikanyaga akicheza mpaka wote wanaangua kicheko. Kitabuni anajivua nguo. Kwa shule, mpeni uchezaji wa kuchekesha, lakini kishindo cha pipa kibaki. Amaterasu anachungulia, anaambiwa amepatikana mungu mkuu kuliko yeye, na hapo tu ndipo kioo kinasogezwa mbele yake. Mkikileta mapema, mtego umekufa. Akisogea kujitazama, mungu mwenye mikono ya nguvu anamvuta nje, mwingine anapitisha kamba nyuma yake asirudi.

Amaterasu ni wa kike, kwa hiyo msimpe mvulana kwa kudhani jua ni dume. Na mkifunga leso mfano wa kimono, upande wa kushoto uje juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo Wajapani wanavyomvisha maiti.