Ng'ombe kwenye lusina: maswali yenu

Nimepanda lusina imestawi kweli. Wenzangu wananiambia nikiingiza ng'ombe watakufa. Wananitisha tu?

Hawakutishi, ingawa wamekueleza nusu. Lusina, ambayo wengine huiita alfalfa, ina protini nyingi inayoyeyuka upesi tumboni. Ikichachuka, gesi inanaswa ndani ya povu zito, na povu halitoki kwa mbweu. Tumbo linajaa, linabana mapafu, na ng'ombe anaweza kufa ndani ya saa chache.

Nusu ya pili ni njaa. Ng'ombe aliyeingia na njaa akafakamia majani machanga ndiye aliye hatarini zaidi. Usiliache shamba lako. Shughulikia njaa kwanza.

Niwaingize saa ngapi, na lusina ikiwa imefikia wapi?

Washibishe kwanza nyasi kavu. Ningekuwa na nafasi ya kukupa shauri moja tu, lingekuwa hilo. Kisha subiri umande ukauke kabisa; mchana ni salama kuliko alfajiri, hata unapowahamishia kipande kipya. Mvua ikinyesha, ongeza nyasi kavu na uwe macho zaidi.

Lusina changa ndiyo hatari kubwa. Ikishachanua, shina limekomaa na majani yamepungua nguvu ya kutoa povu. Utapoteza ubora kidogo, lakini mimi ningekubali hasara hiyo bila kusita, hasa kwa mfugaji anayeanza.

Wape eneo dogo kwa zamu ili wale na mashina. Ukiwaachia shamba zima watachagua majani laini ya juu, nayo ndiyo yenye shida. Wakishazoea, usiwatoe na kuwarudisha ovyo: ng'ombe aliyelala zizini bila chakula huamka na njaa ileile tunayoikimbia. Ukilazimika kuwatoa, warudishe wakiwa wameshiba.

Na kama bado hujapanda shamba lote, changanya lusina na nyasi, nyasi ziwe nusu au zaidi.

Je, nikiikata na kuwapelekea zizini?

Iache inyauke vizuri kwanza, hatari hupungua sana. Ikikaushwa ikawa hei hupungua zaidi, ila haiishi kabisa. Lusina mbichi iliyokatwa sasa hivi haina tofauti kubwa na ile ya shambani.

Ng'ombe wangu alivimba ubavu wa kushoto. Jirani akaja na kisu amtoboe, nikamzuia. Nilikosea?

Hapana, kama alikuwa bado amesimama. Ondoa kundi lote kwenye lusina, maana wengine wanaweza kufuata, na mwite daktari wa mifugo papo hapo. Akiwa amesimama na anameza, mnyweshe polepole mafuta ya kupikia, karibu nusu lita kwa ng'ombe mkubwa, bila kumwinua kichwa sana yasije yakaingia mapafuni. Mafuta huvunja povu. Mtembeze taratibu, au msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu ya ile ya nyuma. Aliyelala usimnyweshe chochote.

Kutoboa ni hatua ya mwisho. Hata bomba la daktari linaweza kuzibwa na povu, ndipo mafuta hupitishwa humohumo. Kisu humwaga uchafu wa tumbo ndani ya mwili, na wapo wanaopona uvimbe wakafa kwa maambukizi. Lakini ng'ombe akishaanguka, ulimi uko nje, na daktari yuko mbali, hapo simlaumu jirani yako. Sehemu ni lile bonde la ubavu wa kushoto, kati ya mbavu ya mwisho na nyonga.

Hakuna dawa ya kuzuia?

Ipo, inaitwa poloksaleni, huchanganywa na chakula. Inafaa pale tu kila ng'ombe anapoipata kila siku kwa kipimo chake. Anayeikosa leo hana kinga leo. Muulize daktari kipimo kabla ya kuanza malisho. Na yule anayevimba mara kwa mara wakati wenzake wako salama, mtoe kwenye lusina moja kwa moja, wala usimtunzie ndama wa kuzalisha, kwani udhaifu huo huweza kurithiwa.