Mwanza tunakula nini zaidi ya chipsi kuku na sato?

Karibuni tena kwenye safu yenu ya maswali ya jikoni. Barua za Mwanza zimekuwa nyingi na zote zinagombana na menyu ileile, kwa hiyo leo nazijibu kwa pamoja.

SWALI: Anti shikamoo. Mi nakaa Nyakato, nimehamishiwa Mwanza kikazi nikitokea Dar. Mji mzuri, mawe mazuri, ziwa usiseme, ila kwenye kula bana nimechoka. Unatoka jioni na wenzio mnakaa sehemu nzuri tu, mnaletewa menyu ina kurasa nane, ukiuliza hiki hakipo, kile kimeisha, kile shefu wake hajaja leo, mpaka weita mwenyewe anakuonea huruma anakwambia "dada kuna chipsi kuku, chipsi mishkaki na ugali sato". Mkihama kiwanja mnakuta yaleyale, hata kachumbari imekatwa vilevile. Hivi hili ndo jiji la pili kwa ukubwa nchini? Ofisini wananiambia nina maringo ya Dar. Ni maringo, au wenye mahoteli ndo hawana ubunifu? *Mgeni wa Nyakato*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Maringo kidogo unayo lakini hoja yako ina ukweli, tena mkubwa. Ulipokosea ni kudhani mji hauna vyakula. Nyamagana na Ilemela, zile wilaya mbili za mji, ukizijumlisha sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 1, na hao watu hawajatoka kijiji kimoja, kuna Wasukuma wenyewe, Wakerewe na Wakara wa visiwani, Wazinza, Wahaya walioshuka na meli ya Bukoba, Wakurya na Wajaluo wa Mara, na Wahindi ambao mababu zao walikuja enzi za pamba. Reli ya kutoka Tabora ilifika pale mwaka 1928 na toka hapo kila treni imekuwa inashusha watu na sufuria zao. Sasa niambie mji kama huo unakosaje chakula?

Chakula kipo, ila kinaishia majumbani na kwa mama lishe, mlango wa hoteli hakivuki. Ingia nyumba ya Msukuma hapo Buhongwa asubuhi utakuta matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa vikaanikwa, yanaliwa na karanga, au michembe, viazi vilivyokatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, imechemshwa imewekwa pembeni ya bakuli la maziwa ya mgando. Utakuta nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yamepikwa na karanga mpaka yamekuwa mazito, na ugali wa udaga, muhogo uliovundikwa, unaovutika. Nenda hoteli yoyote ya mjini yenye vitambaa mezani uulize nsansa, weita atacheka akidhani unamtania, na kumbe yeye mwenyewe kaila jana kwao.

Kwanini iko hivyo? Watu wanasema uvivu, mi naona ni hesabu. Mwenye hoteli anaangalia nani anamlipa vizuri. Mteja wake mnono ni semina: watu wa ofisi wametoka mikoani, wana posho, wanataka bufee ya wali, pilau, ndizi, kuku, nyama, samaki, maharage, tikiti na soda, na ukibadilisha hapo kuna mtu atalalamika kwa mratibu na wiki ijayo semina inahamia jirani. Mteja wa pili ni wa jioni, anakuja kuangalia mpira na bia, huyo anataka kitu cha kushika kwa mkono huku macho yako kwenye tivii, nyama choma au chipsi mayai, basi. Ukiwa na hao wawili jiko limejaa, nani tena ahangaike na nsansa ambayo lazima ununue msimu wake uhifadhi na upate mtu anayejua kuipika?

Halafu hiyo menyu ya kurasa nane mi ndo naichukia kuliko yote. Imeandikwa mara moja ilipofunguliwa hoteli, ikapigwa laminesheni, nusu yake imenakiliwa kutoka menyu ya hoteli nyingine (angalia hata makosa ya tahajia utakuta yanafanana), na inaahidi vitu sitini kila siku wakati friza ni moja na umeme ukikatika jenereta linawashwa kwa ajili ya tivii. Jiko linaloahidi vitu sitini litapika vinne, haliwezi zaidi ya hapo. Na ziwa halifuati laminesheni. Wavuvi wa dagaa wanavua usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawavutwi na ile taa na mitumbwi mingi inapumzika, kwa hiyo kuna siku za mwezi dagaa wabichi wamejaa na siku zingine huwaoni kabisa. Menyu ya mji wa ziwa ilitakiwa iandikwe kwa chaki, kila asubuhi, baada ya mtu kurudi kutoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki.

Na samaki wenyewe sasa. Tunasema Mwanza mji wa samaki halafu hotelini samaki ni sato, na sato ni wa kukaanga au wa kuchoma, ukibahatika unapata wa kuchemsha. Sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 ndo aliyeleta viwanda vya minofu, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mabondo (vile vifuko vya hewa vya tumboni) yanaenda China, sisi tunabaki na vichwa na mapanki, yale mifupa iliyobaki baada ya minofu kutolewa. Sawa, biashara ni biashara na vijana wengi wamesomeshwa na hela hiyo, siwezi kuisema vibaya. Lakini kichwa cha sangara kikipikwa supu taratibu na ndimu na pilipili ni chakula cha kumuweka mtu kwenye kiti, na hoteli zinakiona kama aibu kwa vile ni chakula cha mlalahoi. Furu, gogogo, ningu, kambale, kamongo, hao wote wanashushwa mialoni na wote wana watu wao wanaowapenda, ila kwenye menyu hawapo hata kwa jina. Hapo ndo nakuunga mkono mdogo wangu, tamaa ya kupika imekosekana.

SWALI: Anti habari za kazi. Nina mgahawa mdogo Buhongwa, viti ishirini, unatembea vizuri mchana jioni unakufa. Kijana wangu aliyemaliza chuo ananisukuma ninunue oveni niweke piza na baga, anasema vijana ndo wanachotaka na wanaposti, lokesheni itajulikana. Oveni ni hela ndefu kwangu. Nifanyeje? *Mama mwenye mgahawa*

JIBU: Mama yangu, kijana kakuona jioni inakufa, hapo kaona vizuri. Dawa aliyoileta ndo inanitia shaka. Jibini nzuri ya piza utaitoa wapi kila wiki, na kwa bei gani, na ikifika siku haijaja utaweka nini juu ya mkate? Watu wa mjini kati wenye oveni zao na gari la kuleta mzigo watakushinda bei na watakushinda na ladha, wewe utabaki na deni. Vijana wakitaka piza wataenda huko huko Rock City Mall wapige na picha.

Kitu ambacho wa mjini kati hawakushindi ni mkono wako. Niruhusu nikueleze dagaa wa mama mmoja niliyekuwa nakula kwake Kirumba, karibu na soko la mwaloni pale ambapo dagaa wanapakiwa magunia kwenda mpaka Kongo. Alikuwa hanunui dagaa wa kuanikwa chini, anataka wa chanja tu, maana wa chini hata uwaoshe vipi mchanga utausikia kwenye jino. Anawatoa vichwa, anawaweka kwenye sufuria kavu bila mafuta anawageuza mpaka waanze kulia kama vijiti, anawamwagia maji ya moto na kuwatoa harakaharaka kabla hawajalainika. Pembeni kitunguu kimeiva kwenye mafuta, nyanya nyingi mpaka zimepondeka zenyewe, nyanya chungu zimekatwa nne nne, ndo dagaa wanaingia. Mwisho karanga iliyotwangwa amekoroga na maji ya uvuguvugu, moto unapunguzwa, hafuniki, anasubiri mpaka mafuta ya karanga yapande juu yenyewe. Ndimu unakamua mwenyewe mezani. Foleni yake ilikuwa na madereva wa bodaboda na watu wa benki wenye tai, wote wanasubiri, na siku dagaa hawapo anasema hawapo, hakuletei kuku wa kuziba pengo.

Kwa hiyo oveni acha kwanza. Jioni weka vitu vitatu tu, viandike ubaoni, kimoja kiwe cha kubadilika kila siku. Mfano Jumanne dagaa wa karanga na ugali wa muhogo, Alhamisi kichwa cha sangara, Ijumaa kuku wa kienyeji na nsansa, na kwenye chai ya jioni weka matobolwa na maziwa ya mgando badala ya andazi ambalo kila mtu analo. Wewe uko Buhongwa, barabara ya Shinyanga inapita mlangoni kwako, viazi na maziwa vinakupita kila siku kwenda sokoni mjini, vizuie hapo hapo. Sahani iwe safi, taa iwe nzuri, choo kiwe na maji (mama naomba hili ulichukulie serious, wanawake wengi hatuli jioni sehemu yenye choo kibovu), na kijana wako mpe kazi ya kuposti, hiyo anaiweza. Mpe miezi michache, msianze kubadilisha kila wiki kwa sababu jirani kaweka shawama.

SWALI: Anti mimi ni mzaliwa wa Isamilo. Nimechoka na wageni wanaokuja kutudharau na chakula chetu. Sisi tunakula samaki fresh, anayetaka vyakula vya ajabu aende Arusha au Dar, mbona ndege zipo? Kwani lazima kila mji uwe na mgahawa wa Kichina? *Mzawa*

JIBU: Kaka punguza moto. Wa Kichina sijadai na wala huyo dada wa Nyakato hajadai. Kuhusu Arusha nakubaliana na wewe kwamba kulinganisha hakuna haki, kule kuna watalii wanaopita kwenda Serengeti na Ngorongoro na kuna mikutano ya kimataifa, mtu anafungua mgahawa wa Kihabeshi au wa Kitaliano akijua kuna mgeni atalipa, Mwanza watalii wengi tunawaona wakipita. Dar nayo ina bandari na watu wa kila aina toka zamani. Sawa.

Lakini tukiziacha hizo, Kisumu nayo utaisemaje? Ziwa ni lilelile, samaki ni walewale, na jiji lenyewe ni dogo kuliko letu. Wenzetu wa kule mboga zao za kienyeji, osuga, dek, apoth, zinaingia hotelini na kuandikwa kwenye menyu bila aibu, mtu wa ofisi anakula na suti yake. Dek ni mgagani, unaota hata nyuma ya nyumba yenu Isamilo, nani anakuuzia hotelini? Na samaki kuwa fresh ni kazi ya mvuvi, mpishi hajafanya kitu hapo. Mpishi tunampima kwa anachomfanyia huyo samaki akishafika jikoni, na ukiniletea sato fresh umemkaanga mpaka amekuwa mkavu kama mbao halafu umemfunika kwa tomato sosi ya chupa, umemdhulumu mvuvi na mimi mlaji pia. Kuutetea mji ni vizuri, ila ukiutetea kwa kuwafichia wenye mahoteli uvivu wao hautafika popote.

Na sisi walaji tumo. Juzi tu kuna dada kaniandikia kwamba sehemu moja Pasiansi walijaribu kuweka mlenda na kambale, wateja wakawa wanausifu mlenda kwa maneno na kuagiza chipsi, baada ya muda mwenye sehemu akaacha. Mwenye biashara anasoma oda, sifa hazilipi kodi ya fremu.

SWALI: Anti kifupi tu. Nina mgeni anatoka Oman, ni ndugu yetu alizaliwa huko, Kiswahili chake cha Unguja kabisa, anafika Jumamosi na anataka kula Mwanza yenyewe. Nimpeleke wapi? *Wa Kitangiri*

JIBU: Usimpeleke popote bila kupiga simu. Ijumaa mchana ongea na mama lishe unayemwamini, awe wa Kirumba au wa Igombe kule ufukweni, mwambie mko wangapi na mnataka ningu au furu na kichwa cha sangara, mlipe nusu kabisa ili alfajiri aende mwaloni na hela mkononi. Samaki waanze kuchaguliwa mapema, mashavu mekundu na jicho limetokeza, ikifika saa nne jua limeshawachosha. Mgeni wa Oman kazoea samaki wa bahari na wali, kwa hiyo kamongo msimuanzie siku ya kwanza, na wali uwepo pembeni, mchele wa majaluba ya kwetu ni mzuri tu. Nazi msiweke, hiyo anaipata kwao kila siku. Pilipili ije kwenye kibakuli chake. Na furu ana miiba midogo sana, kama kuna watoto wapeni sangara.