Acheni kuuchota mpira na aironi, wadogo zangu

Jumamosi iliyopita nlikaa kwenye benchi la renji ya gofu, uwanja wa mazoezi ya kupiga mipira, hapa Dar nasubiri mwenzangu, mbele yangu vijana wanne wageni, aironi (fimbo za chuma) mpya zinang'aa, mbili bado zina nailoni kwenye mshikio, na wote wanafanya kilekile nlichokuwa nafanya mimi miaka 11 iliyopita. Fimbo ikikaribia mpira wanarudi nyuma na kifua, viganja vinapinduka, wanauchota mpira kama mtu anachota uji kwenye sufuria. Ukiruka wanagongeana mikono, ukigoma wanalaumu fimbo. Nikakaa kimya nusu saa, nikashindwa, nikaenda kuwaambia, na jioni nikaona bora niandike kabisa, maana kila baada ya miezi michache linakuja kundi jipya na kosa ni hilohilo. Nawapenda jamani, ndo maana nitakuwa mkali kidogo. Naongea na wanaopiga kwa kulia, wa kushoto mgeuze wenyewe.

1. Mpira haunyanyuliwi

Fimbo yenyewe imelazwa uso. Aironi namba 7 za zamani zilikuwa na ulalo wa nyuzi kama 34, za siku hizi nyingi zipo chini ya 31, namba 9 imelala zaidi, na ule ulalo ndo unaopandisha mpira. Kazi yako wewe ni kushuka. Fimbo inashuka, inakutana na mpira kwanza, halafu ndo inakutana na nyasi, mbele ya mpira sio nyuma. Wachezaji wa PGA Tour, mashindano ya wanaolipwa kule Marekani, kwa wastani namba 7 yao inagonga mpira ikiwa bado inashuka nyuzi 4 hivi, na mpira unapaa juu kuliko wa kwenu nyote mliokuwa pale Jumamosi. We unayejaribu kuusaidia upande ndo unayechimba, yaani fimbo inagonga ardhi kabla ya mpira, au unayeutopu, yaani unaugonga mpira kichwani, hakuna cha tatu. Na kwa sababu za siku hizi zimesimama zaidi kuliko za zamani, acheni kushindana "mi namba 7 natoa yadi 160 we unatoa 140", huenda namba 7 ya mwenzio ni namba 6 ya jana yenye jina jipya.

2. Mkeka ni muongo

Hapa mniruhusu nikae kidogo maana hili liliniumiza.

Nlianza gofu ukubwani. Mwaka wote wa kwanza nlipiga kwenye mkeka wa nyasi bandia tu, renji, jioni baada ya kazi, ndoo mbili mbili. Sasa mkeka una tabia yake, ukichimba sentimita 5 nyuma ya mpira fimbo haizami, inateleza juu ya plastiki inakwenda kuukuta mpira, na mlio unatoka mzuri tu, paa. Mpira unaenda. Kwenye nyasi pigo hilohilo fimbo inazama kwenye udongo na mpira unasogea hatua kumi. Mi nlikuwa sijui. Nlijua napiga vizuri, na kila mtu pale renji alikuwa ananiambia napiga vizuri.

Kulikuwa na mzee mmoja, alianza kama kedi, mbeba fimbo za wachezaji, tangu akiwa mtoto wa shule, begi la mtu mwingine begani kilomita kwa kilomita, akaja kuwa mchezaji mzuri sana kwa fimbo za kupewa. Huyu ndo alinishika mkono. Siku moja alisimama nyuma yangu pale kwenye mkeka, nikamwambia shikamoo mzee, akaitika, akaangalia mipira kama sita, akasema, "Kijana, unachimba." Nikamjibu, "Mzee, mbona inaenda?" Akasema tena, "Inaenda, lakini unachimba. Njoo kwenye nyasi." Nikamwambia nitakuja. Sikwenda. Wiki ya kwanza kazi, wiki ya pili mvua, wiki ya tatu nikawa nshasahau, na kiukweli moyoni nlikuwa nimeshaamua kwamba mzee macho yanamchosha.

Halafu yakaja mashindano ya wawili wawili, klabu moja siitaji, mpira mmoja mnapokezana kupiga, na mzee akanichagua mimi. Angeweza kumpata mtu yeyote. Akanichagua mimi. Siku ile kwenye nyasi nikaanza kuchimba tangu shimo la tatu, na kila nikichimba yeye anakwenda kupiga kutoka mahali pabaya, kwenye nyasi ndefu, nyuma ya mti, kwenye mteremko, na anatutoa. Anatutoa tu. Tumefika shimo la 17 tunaongoza kwa shimo moja, na ninavyojua mimi mashimo yote tuliyoshinda yalipatikana kwa mikono yake.

Kwenye la 17 anaanzisha yeye. Akaweka mpira katikati ya fewei, ile njia ya nyasi fupi, umbali wa yadi 140, mbele kuna dimbwi na nyuma ya dimbwi grini, pale penye shimo lenyewe. Namba 7, pigo ambalo renji nlikuwa nalipiga mara 40 kwa jioni. Nikaona maji. Nikasema huu nausaidia uvuke. Uzito ukabaki mguu wa kulia, viganja vikapinduka, fimbo ikazama nyuma ya mpira, kipande cha nyasi kikaruka mbali kuliko mpira, na mpira ukadunda mara mbili ukaingia majini taratibu kabisa, hata hakuna kishindo. Tukalipoteza shimo. Sare.

La 18 ni shimo refu la mapigo 5, naanzisha mimi, la pili anapiga mzee, la tatu langu. Draiva, fimbo ya kuanzishia mashimo marefu, nikaipiga sawa, yeye akatuweka yadi 115 kutoka bendera, nyasi safi, hakuna maji, hakuna banka la mchanga. Namba 9. Sasa nikawa naogopa kuchimba, na mtu anayeogopa kuchimba anajivuta juu, nikautopu, ukapita chinichini kama panya ukavuka grini ukaingia kichakani. Tukapoteza mechi.

Mzee hakusema kitu. Alikunja glovu yake vizuri akaiweka mfukoni, akawapa mikono wale waliotushinda, akaniambia "pole kijana". Pole, mimi. Kwenye gari nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza, akasema, "Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, ufukweni. Njoo na fimbo moja mbovu." Sikulala vizuri usiku ule, na sio kwa sababu ya kombe. Nlilala nikiwaza ile "mbona inaenda" niliyomjibu mtu aliyeanza kuangalia mapigo ya watu mimi sijazaliwa.

3. Mchanga hausemi uongo

Jumatatu maji yalikuwa yamekupwa. Mzee akachora mstari mrefu kwenye mchanga mbichi kwa ncha ya fimbo, akaniambia simama mstari uwe katikati ya miguu, hakuna mpira, piga, halafu piga hatua moja mbele, piga tena, mpaka mwisho wa mstari. Alama za fimbo zote zikawa nyuma ya mstari. Zote. Ishirini na kitu, kwa mpangilio, kama mtu kanisomea barua. Hapo hakuna mlio mzuri wa kukudanganya wala mpira wa kukupa moyo, kuna mstari na kuna shimo lako.

Akanishika kiuno akakisogeza mbele, akasema uzito uwe umeshafika mguu wa kushoto kabla fimbo haijafika chini, kitufe cha shati kibaki juu ya mstari, viganja vitangulie mbele ya kichwa cha fimbo. Basi. Hayo tu. Ilichukua asubuhi nne mpaka alama zikaanza kuhamia mbele ya mstari, na wiki ya tatu nikawa nakosea moja katika tano. Siku ya kwanza kurudi kwenye nyasi na namba 7 nlisikia mlio tofauti kabisa, mzito, mfupi, na kipande cha nyasi kilianzia pale mpira ulipokuwa kikaenda mbele. Nikamwangalia mzee. Akasema "piga mwingine".

Baadaye ndo nikaja kujua kwamba Seve Ballesteros, yule mchezaji gofu Mhispania, alijifunza gofu utotoni ufukweni karibu na kwao Pedreña, na aironi namba 3 moja, mchana kutwa. Huyohuyo alikuja kushinda mashindano ya Kenya Open pale klabu ya Muthaiga, Nairobi, mwaka 1978. Kwa hiyo msione aibu kwenda Coco Beach na fimbo, watu watawashangaa dakika mbili wataendelea na mihogo yao.

4. Mpira uwekwe wapi

Weji (fimbo za mapigo mafupi) na namba 9 katikati ya miguu, namba 7 mbele ya katikati kidogo tu, upande wa mguu wa kushoto, namba 5 mbele zaidi kidogo. Nasema kidogo maana yake upana wa mpira mmoja, sio hatua.

5. Mshiko

Shika kama umemshika kifaranga, asitoroke na asife. Mikono ikikakamaa viganja havitangulii, narudia, havitangulii.

6. Shenki

Ukianza kupiga mpira unatoka kulia kama umegonga ukuta, umeupiga na shingo ya fimbo. Usikimbilie kununua fimbo. Angalia kama uzito umeelemea vidole vya miguu, mara nyingi unaangukia mpira ukiwa unashuka. Weka boksi tupu la mipira nje kidogo ya mpira, upige bila kuligusa. Kuna dada mmoja nlimpa zoezi hili akapiga maboksi sita yakapasuka, la saba likabaki zima, na mpaka leo analo kwenye begi.

7. Angalieni nyasi zao, sio mpira wao

Mwaka 2023 nlipanda basi mpaka Nairobi kuangalia Kenya Open Muthaiga, mwaka aliochukua kombe Jorge Campillo. Watu wote wanakimbilia kuona draiva. Mi asubuhi nzima nlisimama renji nyuma ya wachezaji wakipiga aironi, na nlichokuwa naangalia ni vipande vya nyasi. Vimepangana utadhani mtu kachonga kwa panga, vyembamba, vyote vinaanzia pale mpira ulipokaa, hakuna hata kimoja nyuma. Na nyasi zenyewe ni kikuyu, zile nene zinazokamata fimbo, ukichota pale hutoki. Ukipata nafasi nenda, simama pembeni yao, hutapata funzo la bei rahisi kuliko hilo.

Na ukicheza kule juu usishangae namba 8 yako ikivuka grini. Nairobi ipo juu mita 1,700 na ushee, hewa nyepesi, mpira unaenda mbali kuliko Dar. Arusha vilevile kwa kiasi. Kuna rafiki yangu alirudi kutoka kule amevimba kichwa na namba zake mpya, siku ya kwanza Dar na upepo wa bahari usoni akaacha mipira mitatu njiani, alikasirika sana nikamnunulia madafu.

8. Kedi wako

Akikwambia namba 6 chukua namba 6. Yeye ameona mipira inayokufa njiani pale kila siku ya maisha yake, we umeona video. Mpe salamu, mpe maji, msikilize.

9. Ndoo mbili sio mazoezi

Mipira 30 kwa akili inatosha, kati ya kila mmoja rudi nyuma utazame unapolenga upya. Na kama renji yenu ni mkeka tu, tandika taulo nyuma ya mpira, kama urefu wa kiganja. Ukigusa taulo, umechimba, hata kama mpira umeenda.

Wale wanne wa Jumamosi mnajijua. Wiki hii Jumamosi maji yatakuwa yamekupwa asubuhi, nitakuwa Coco Beach kuanzia saa kumi na mbili. Mje na fimbo ya zamani, mpira msilete. Mzee naye kasema atakuja, magoti yanamsumbua siku hizi kwa hiyo mmoja wenu abebe kiti.