Maswali yenu: makabati ya Paris yaliyojaa dhahabu

Tangu nigusie hapa fanicha za Ufaransa za mwishoni mwa miaka ya 1800, zile zilizorudia mtindo wa zamani uitwao Rokoko, maswali yamemiminika, yale ya bei tu nimeyaruka, haya ndio niliyoyachagua.

Hiyo Rokoko ni nini hasa, na kwa nini waliirudia?
Ni mtindo wa enzi za Louis wa 15, aliyekuwa mfalme kuanzia 1715 mpaka 1774. Mstari ulionyooka huuoni, miguu imepinda, kabati lina tumbo kama limeshiba, kila kona kuna kombe la bahari, jani au katoto kenye mabawa. Kisha yakaja mapinduzi ya 1789 na vitu hivyo vikaonekana uchafu wa mabwanyenye. Sasa ngoja miaka mia ipite, wenye viwanda na mabenki wamepata hela, nao wanataka kukaa kama watu walewale waliopelekwa kwenye gilotini, ile mashine ya kukata vichwa. Binadamu bwana!

Kwa hiyo ni feki?
Hapana jamani. Feki inataka kukudanganya, mafundi hawa waliweka majina yao, mmoja wao Henry Dasson alikuwa anaandika na mwaka kabisa. Kuna meza ya Louis wa 15 iliyoko kwenye jumba la kifalme la Versailles, fundi Oeben aliianza 1760, akafariki kabla haijaisha, fundi mwenzake Riesener akaimaliza 1769, karne iliyofuata mafundi kadhaa waliinakili na kila mnunuzi alijua ananunua kopi. Mimi naona kopi nyingine zimefanyiwa kazi safi kuliko za zamani, wanaopenda vitu vya kale wanisamehe.

Fundi gani alikuwa mkali zaidi?
Kwangu ni François Linke, na huyo wala hakuzaliwa Ufaransa, ni mtoto wa Bohemia, Ucheki ya leo, alizaliwa 1855, akaingia Paris 1875 na baada ya miaka michache ana karakana yake mtaa wa Faubourg Saint-Antoine, ndio mtaa wa maseremala tangu zamani. Angeweza kuendelea kunakili tu akala vizuri. Ila akaungana na mchonga sanamu Léon Messagé wakaanza kutunga vya kwao, yaani Rokoko ipo lakini mapambo ya bronzi, metali ya mchanganyiko wa shaba iliyopakwa dhahabu, yanatambaa juu ya mbao kama mmea, huoni yanapoanzia. Maonyesho makubwa ya Paris ya 1900 akapeleka meza kubwa ya kuandikia, kwa gharama ambayo ingeweza kumfilisi, akarudi na medali ya dhahabu. Messagé akafariki mwaka uliofuata. Miaka mingi baadaye Mfalme Fuad wa Misri naye akamwagizia Linke fanicha za jumba lake la Ras el-Tin, Aleksandria.

Ile dhahabu ni ya kweli au rangi?
Ya kweli, na ina kisa kibaya. Njia ya zamani ilikuwa unachanganya dhahabu na zebaki mpaka iwe laini kama siagi, unapaka kwenye bronzi, unaweka motoni, zebaki inatoka kama mvuke na dhahabu inabaki imeshika. Mvuke ule ndio fundi alikuwa anavuta siku nzima, mikono inaanza kutetemeka, meno yanalegea, wengi hawakuzeeka. Kuanzia miaka ya 1840 wakapata njia ya umeme, salama zaidi ingawa tabaka lake mara nyingi ni jembamba, na wenye kazi za bei kali waliendelea na zebaki. Halafu dhahabu sio mwisho, wanasugua kwa jiwe la akiki sehemu zitakazong'aa na nyingine wanaziacha zimefifia, ndio maana ua la bronzi linaonekana kama lina kivuli.

Mbao gani?
Ndani mwaloni, nje vinia, yaani ubao mwembamba wa kubandika juu, ya miti ya Brazil yenye michirizi ya zambarau na waridi. Wengi hawajui kwamba miti hiyo ni ukoo mmoja na mpingo wetu, yote ni ya jenasi ya Dalbergia.

Nimeona seti ya kochi la dhahabu dukani Kariakoo, ndio hiyo?
Hahaha, hapana dada yangu. Gusa lile ua, bronzi ni ya baridi na nzito, ukigonga kucha likaita kama plastiki basi ni plastiki. Kwenye kabati vuta droo uangalie nyuma, kwa fundi wa Paris hata kule kusikoonekana kona zimeumana kama meno, na mapambo ya Linke mengi yana herufi FL mgongoni. La Kariakoo kama umelipenda nunua tu, ila mwambie muuzaji apunguze.