Manjano na goti la mama: maswali yenu kwa mfamasia

Mama yangu alipigwa eksirei akaambiwa gegedu la goti, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, limechakaa. Jirani hapa Umoja anamchanganyia manjano kwenye maziwa kila usiku. Kuna ushahidi, au ni maneno ya ploti?

Ushahidi upo, ila si wa kikombe hicho. Mwaka 2014 watafiti wa Thailand walitoa matokeo ya wagonjwa 367 wa goti kama la mama. Kundi moja lilimeza dondoo ya manjano, yaani manjano yaliyokamuliwa na kukolezwa, miligramu 1,500 kwa siku. Jingine ibuprofen, dawa ya maumivu, miligramu 1,200. Baada ya wiki 4 nafuu yao ilikuwa karibu sawa, na wa ibuprofen ndio waliosumbuliwa zaidi na tumbo. Utafiti wa Tasmania, Australia, wa mwaka 2020 ulikuwa mdogo, watu 70 kwa wiki 12, wengine wakipewa vidonge visivyo na dawa. Waliotumia dondoo walipata nafuu zaidi kwa pointi 9 hivi kwenye kipimo cha maumivu cha 0 hadi 100. Ni nafuu ndogo lakini ipo. Picha za MRI, hata hivyo, hazikuonyesha gegedu kubadilika wala maji ya gotini kupungua zaidi ya wenzao. Kwa hiyo anayekuambia manjano yanaotesha gegedu anatafuta pesa yako.

Basi aongeze vijiko vingapi?

Piga hesabu. Kukumini, kemikali inayotegemewa hapa, ni kama asilimia 3 tu ya unga wa manjano. Kijiko cha chai cha gramu 3 kina miligramu 90 hivi, wakati dondoo ya Thailand sehemu yake kubwa ilikuwa kukumini. Ungehitaji zaidi ya vijiko 10 kila siku, na maziwa hayo nani atayanywa? Isitoshe, mwili huifyonza kwa shida. Ndiyo maana watu huongeza pilipili manga: utafiti mdogo wa 1998 ulionyesha piperini, kemikali iliyo ndani yake, hupandisha ufyonzwaji mara 20. Kwenye chakula sina neno. Vidonge vya kukumini vyenye piperini ndivyo vinavyonitia wasiwasi, kwa sababu kuna watu waliodhurika ini baada ya kuvitumia. Macho yakigeuka ya njano au mkojo ukiwa mweusi, acha vidonge na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Mzee wangu anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Naye ajaribu vidonge hivyo?

Hapana. Anaweza kuvuja damu. Manjano ya kwenye mchuzi hayana shida.

Kidole gumba cha mguu kilivimba usiku, chekundu, hata shuka likikigusa napiga kelele. Ninywe manjano?

Hiyo inafanana na jongo (gout), ndugu yangu, na jongo lina dawa zake. Muone daktari kwanza. Kukiwa na homa, usingoje kesho.

Nitajuaje kama unga wa sokoni ni safi?

Kwa macho, huwezi. Kule Bangladesh watafiti walikuta wasagaji wakitia kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya risasi (lead), ili manjano yang'ae, na serikali ikaanza kuwasaka mwaka 2019. Risasi hudhuru ubongo wa watoto hasa. Mimi hununua mizizi mibichi soko la City Park, Parklands, naikatakata, naianika na kuisaga mwenyewe. Vaa glavu, la sivyo vidole vitakuwa vya njano hadi wiki ijayo.